Mradi Mmoja, Lugha Mbili: Funzo la Linux

Je, mradi wa programu za kompyuta uandikwe kwa lugha moja au kwa lugha nyingi? Swali hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini linamhusu pia mchunguzi wa lugha, kwa kuwa panapokutana lugha mbili hapakosi mpaka, na mpaka hauna budi kutunzwa.

Tutazame mfano wa Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiini chake kiliandikwa kwa lugha ya C. Mwaka 1992 C++ ilijaribiwa, ikaachwa. Faida ya lugha moja ni wazi: kila fundi aweza kusoma kazi ya mwenzake na kuirekebisha.

Hata hivyo, C ina kasoro kubwa. Humwachia mwandishi jukumu la kuomba nafasi katika kumbukumbu ya mashine na kuirudisha. Akiitumia nafasi aliyokwisha kuirudisha, huenda akawafungulia wavamizi mlango. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba karibu asilimia 70 ya kasoro za usalama ilizorekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu. Rust, lugha iliyotolewa rasmi mwaka 2015, hugundua mengi ya makosa hayo kabla programu haijaanza kutumika. Kwa sababu hiyo Linux 6.1, ya Desemba 2022, iliipokea kwa majaribio.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Mjini Lubumbashi mtu huchanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, naye hueleweka. Mashine haina uvumilivu huo. Kati ya C na Rust sharti lijengwe daraja, yaani maandishi yanayowezesha amri zilizotungwa kwa C kuitwa kwa Rust. Fundi wa C abadilishapo amri yake, daraja laweza kuvunjika. Nani alitengeneze: yule asiyejua Rust, au yule aliyeileta? Mwanzoni mwa 2025 msimamizi mmoja alikataa daraja la namna hiyo. Mwezi wa Februari Torvalds alijibu kwamba hakuna anayelazimishwa kushughulika na Rust, lakini asiyeitaka hana haki ya kuwazuia wengine kuitumia nje ya sehemu yake. Desemba mwaka huo wasimamizi walikubaliana kwamba majaribio yamekwisha na Rust itabaki.

Kwa maoni yetu, lugha ya pili ipokelewe kwa masharti mawili: ilete faida ambayo ya kwanza haiwezi kuitoa, na mtunza daraja ajulikane kabla daraja halijajengwa. Mradi mdogo wa chuo, wenye watu watatu au wanne, utimize masharti hayo kwa uangalifu zaidi. Mwanafunzi pekee aijuaye lugha ya pili akihitimu na kuondoka, kazi yake itabaki bila msomaji.