Masafa ya Ndege za Kivita na Uwanja wa Jirani

Nguvu ya ndege ya kivita haipimwi kwa mabomu yake tu. Hupimwa pia kwa umbali inaoweza kuruka, kutimiza kazi yake na kurudi salama. Umbali huo hutegemea mafuta, na zipo njia tatu kuu za kuuongeza.

Ya kwanza ni matangi ya ziada yatundikwayo chini ya mbawa. Mafuta yakiisha, rubani aweza kuyaangusha ili ndege iwe nyepesi. Lakini kila tangi hupunguza mwendo, na huchukua nafasi ya bomu au kombora. Ya pili ni kuruka juu sana, ambako injini ya jeti hutumia mafuta kidogo kwa kila kilomita, na kushuka chini karibu na shabaha tu ili kukwepa rada. Ya tatu ni kujazwa mafuta angani kwa bomba la ndege nyingine.

Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyotumiwa na Marekani usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, 1986, iliposhambulia Libya. Ufaransa na Hispania zilikataa anga zao zitumiwe. Ndege za F-111 zilizotoka Uingereza zililazimika kuzunguka baharini kupitia Gibraltar, zikajazwa mafuta angani mara kadhaa, katika safari ya saa 13 hivi kwenda na kurudi. Ndege moja, pamoja na askari wake wawili, haikurudi.

Pale ambapo mafuta hayapatikani angani, hutafutwa ardhini, katika uwanja wa jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, 1976, ndege nne za uchukuzi za Israel aina ya Hercules zilitua Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka. Mafuta yaliyobaki hayakutosha kuzirudisha kwao, zikajaziwa Nairobi. Utawala wa Idi Amin ukalipiza kisasi, na Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa.

Fundisho ni wazi. Askari alindaye ghala la mafuta ya ndege hulinda masafa ya jeshi zima la anga. Na nchi imjaziayo mgeni mafuta huwa imeingia katika safari yake, itake isitake.