Tuta la Matofali ya Saruji: Mboga Karibu na Jikoni

Wakulima wa Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ili kupata sukuma wiki na mchicha hata baada ya mvua hiyo, familia inaweza kujenga tuta la matofali ya saruji karibu na jikoni, ambako maji yaliyoosha mboga hutumika tena. Tofauti na mbao, saruji hailiwi na mchwa.

Vipimo

Matofali 16 yenye urefu wa sentimita 40, upana 20 na kimo 20 yanatosha tuta moja. Sawazisha ardhi, kisha panga sita kila upande na mawili kila mwisho, katikati ya pande hizo. Nafasi ya ndani itakuwa mita 2 kwa sentimita 80, hivyo mkono hufika katikati bila kukanyaga udongo. Lainisha ardhi ya chini kwa jembe-uma, kisha jaza wilbaro tano au sita: sehemu mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza vizuri.

Kuzuia ukavu

Tuta lililoinuliwa hukauka haraka kuliko shamba la kawaida. Zungushia kuta za ndani karatasi ya nailoni, lakini acha chini wazi ili mizizi ishuke. Funika udongo kwa nyasi kavu na unyunyizie maji asubuhi na mapema au jioni. Penye uhaba mkubwa wa maji, tuta lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi linafaa zaidi.

Urembo wenye faida

Paka chokaa upande wa nje pekee. Rangi nyeupe hurudisha miale ya jua na kupunguza joto la tofali. Matofali yenye matundu yanaweza kujazwa udongo na kupandwa dhania au maua.

Mchanga

Wanaofyatua matofali wenyewe wakumbuke kwamba mchanga wa mito ya msimu ndio huhifadhi maji wakati wa kiangazi. Makueni ina sheria ya mwaka 2015 ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Nunua kutoka sehemu zilizoidhinishwa.

Kwa ushauri kuhusu mbegu na wadudu, wananchi wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao.