Je, wajua? Meno 21 ya TFC

Hesabu meno ya ule uti wa plastiki unaoshika TFC (Travail de Fin de Cycle, kazi ya kumalizia masomo) ya mwanafunzi. Kwenye karatasi ya A4 ni 21, iwe imefungwa Himbi, Nairobi au Brussels.

Himbi ni mtaa wa Goma wenye Université Libre des Pays des Grands Lacs, na kazi ya namna hii haikosekani. Mashine ya kufungia ni ya mkono. Fundi wa papeteri hugonga karatasi mezani zilingane, huziingiza kumi hivi kwa mara moja, kisha huvuta mpini: trak! Matundu 21 ya pembe nne. Akilazimisha nyingi, matundu hutoka na ndevu. Halafu huvika uti kwenye kulabu, meno yafunuke, atundike karatasi, aachie. Plastiki hujikunja yenyewe, maana kiwandani ilipashwa moto ikapoa ikiwa imeviringwa, na umbo hilo hailisahau. Umeme ukikatika, printa hunyamaza. Fundi huyu anaendelea.

Wajalidi wa zamani wangemcheka. Kule Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kujalidiwa kwa ngozi. Marekani ya enzi ya ukoloni nako walitumia ngozi na uzi, ingawa mkate wa wajalidi wengi ulitoka kwenye madaftari matupu ya hesabu za wafanyabiashara. Benjamin Franklin mwenyewe, alipofungua duka lake Philadelphia karibu na mwaka 1730, aliuza karatasi na fomu tupu. Papeteri ya leo, yenye kaye na vitabu vya risiti, ni mjukuu halali wa duka lile.

Ila kitabu kilichoshonwa hakina msamaha. Direkta anayesimamia TFC yako akikuta kosa ukurasa wa 43, utafumua chote? Uti wa plastiki unafunuliwa, karatasi moja inatoka, nyingine inaingia, basi. Kwa kazi ambayo bado haijatetewa, plastiki inaishinda ngozi, na sioni haya kusema hivyo.

Karatasi 100 za gramu 80 zina unene wa milimita 10 hivi. Omba uti wa milimita 14: ukibana sana, kurasa hazitafunguka vizuri na matundu yatachanika. Na usiiache TFC yako juani, plastiki hiyo hukauka ikavunjika.