Thamani ya Uzamivu wa Insia Machoni pa Wahitimu: Mtazamo kutoka Mkwajuni

Utangulizi

Istilahi uzamivu imejengwa juu ya kitenzi zama. Anayezama haridhiki na yaonekanayo juu ya maji. Hushuka chini, na hutarajiwa kuibuka na kitu. Swali linalowakabili wahitimu wengi wa insia nchini Tanzania ni hilo: baada ya miaka mitatu au zaidi ya kuzama katika lugha, fasihi, historia au falsafa, mtu huibuka na nini, na kina thamani kwa nani? Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kuliweka mahali mahususi, yaani Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Mkwajuni ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hapo kazi hupimwa kwa haraka: shimo ama limetoa dhahabu, ama halikutoa. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya Kiswahili anayefikiria kurudi chuoni hukutana na kipimo hicho hicho nyumbani kwake, kwa wazazi na kwa majirani.

Hoja ya Cheo na Riziki

Mtazamo wa kwanza huihesabu shahada kwa cheo. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwenye uzamili huwa Mhadhiri Msaidizi. Ili awe Mhadhiri, sharti awe na uzamivu. Kwa aliyekwisha kuajiriwa chuoni, basi, hesabu iko wazi. Kwa aliye nje ya chuo haiko wazi hata kidogo. Nafasi za uhadhiri ni chache, na somo la Kiswahili la sekondari hufundishwa vyema na mwenye shahada ya kwanza. Aidha, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewaelekea zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mzigo wa uzamivu huiangukia familia. Mhitimu anayekataa kuubeba asilaumiwe kuwa hapendi elimu. Amepiga hesabu ya watu wanaomtegemea.

Hoja ya Kipawa

Mtazamo wa pili husema kwamba hekima na ubunifu havihitaji shahada. Ushahidi upo. Shaaban Robert (1909–1962) hakuwa na shahada ya uzamivu, wala ya chini yake. Euphrase Kezilahabi alichapisha riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, miaka mingi kabla ya kupata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Hoja hii ni ya kweli, ila haifiki mwisho wa jambo. Utafiti wa Kezilahabi ulihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na baadaye zilitoka Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya zinazouliza ukweli ni nini na hujulikanaje. Uzamivu haukumpa kipawa, kwani alikuwa nacho. Hata hivyo, ni vigumu kuzisoma riwaya hizo mbili bila kuona kwamba maswali yake yalikuwa yamepata kina kingine.

Hoja ya Maarifa

Mtazamo wa tatu huuliza ni maarifa gani yasingekuwapo bila utafiti huo. Mwaka 1963 mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu barani humo. Isaria Kimambo, aliyepata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, alitumia masimulizi ya wazee kuandika historia ya kisiasa ya Wapare tangu karne ya 16, na kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Vivyo hivyo, mwaka 1970 Ruth Finnegan alitilia shaka kuenea kwa utendi katika fasihi simulizi ya Afrika. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichambua tungo za nanga za Wahaya na kuonyesha kwamba tendi zipo, zina watunzi na zina kanuni zake. Kabla ya kazi kama hizo, kukanusha kulikuwa rahisi. Baada yake, anayekanusha hudaiwa ushahidi.

Mkwajuni nayo ina madai yake. Hiyo ni nchi ya Wabungu, kuelekea Ziwa Rukwa. Dhahabu imewaleta watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyochapishwa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania, huonyesha lugha zilipo na wingi wa wasemaji wake. Haikukusudiwa kueleza ngano zipi za Kibungu bado husimuliwa, wala Kiswahili cha machimboni kimepokea maneno gani. Hayo huhitaji mtu akae, asikilize, arekodi na kuchambua kwa miaka. Wazee wanaoyajua hawatasubiri.

Hitimisho

Ikiwa thamani ya uzamivu itapimwa kwa mshahara peke yake, mwalimu wa Mkwajuni ana haki ya kuukataa, na mwenye hasara kubwa zaidi haitakuwa yeye bali jamii ambayo maarifa yake hayataandikwa. Kwa hiyo jamii na vyuo havina budi kuchangia gharama ya kazi inayowafaa wote. Mzamivu naye ana deni. Tasnifu inayobaki rafuni, katika lugha ambayo wasimulizi wake hawaisomi, haijawarudishia kitu. Mulokozi aliwaandikia wanafunzi Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili mwaka 1996, na njia hiyo iko wazi kwa kila mtafiti: kile alichokitoa kwa watu akirudishe kwao, kwa Kiswahili wanachokielewa.