Uswisi: Milima Isiyo na Lango

Ukishuka kwenye treni katika kituo kidogo chochote cha Uswisi, tazama nje ya mlango kabla hujatafuta kahawa. Utaona nguzo ya chuma yenye vibao vya manjano vilivyochongoka upande mmoja, kila kimoja kikielekeza kwake: ziwani, kijijini, mlimani. Kwenye kibao pameandikwa jina la mahali na muda wa kufika huko kwa miguu. Umbali hawaandiki. Waliokadiria muda huo wameanzia kwa mtembeaji wa kawaida, anayekwenda kilomita 4.2 kwa saa mahali tambarare, wakaongeza kwa kila mwinuko na mteremko, na mapumziko hawakuyahesabu. Mgeni asiyejua neno la Kijerumani akisoma hapo kwamba safari ni ya saa tatu na dakika arobaini, tayari anajua jua litamkuta wapi.

Milima ya Alpi imechukua karibu asilimia 60 ya nchi hiyo, na njia za miguu zilizowekewa alama zinazidi kilomita 65,000. Ukiziunga ncha kwa ncha utaizunguka dunia mara moja na nusu. Kazi hiyo ilianza na mwalimu wa shule wa kantoni (jimbo) ya Zurich, Johann Jakob Ess, aliyechukizwa na jinsi magari yalivyowasukuma watembeaji pembezoni mwa barabara za milimani. Mwaka 1934 yeye na wenzake waliunda chama cha kutunza njia. Mwaka 1979 wananchi wakapiga kura kuziingiza njia hizo katika katiba, na sheria ya mwaka 1985 ikazibana kantoni: ukiifuta njia ya miguu, au ukiimwagia lami, lazima utengeneze nyingine mahali pake. Juu ya hayo iko sheria ya kiraia ya mwaka 1907, ambayo kifungu chake cha 699 kinamruhusu kila mtu kuingia msituni na malishoni, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine.

Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro tumezoea mambo mengine. Kwetu mlima una lango, ada, kibali, kiongozi na wapagazi. Sababu zipo: ni hifadhi ya taifa, kilele chake, Kibo, kina mita 5,895 na hewa yake huua, na maelfu ya familia hula kwa kazi hiyo. Lakini naona uchungu kwamba wengi wetu tunaijua theluji ile kwa kuitazama kutoka migombani, au kwa kubeba mzigo wa mgeni aliyeifuata. Uswisi, bibi wa miaka sabini hufunga kamba za buti Jumamosi asubuhi, akatia mkate na jibini begini, akapanda kilele, akarudi kwa treni ya jioni. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Njia zenyewe ni za ngazi tatu, na ni lazima mgeni azijue kabla ya kunyanyua mguu. Kibao cha manjano matupu ni njia ya kila mtu. Chenye ncha nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani: buti imara, kichwa kisichozunguka ukingoni, na mara nyingine mnyororo wa kushikilia. Chenye nyeupe, buluu na nyeupe ni njia inayopita kwenye barafu, au kwenye miamba ya kukwea kwa mikono. Hiyo waachie wenye kamba na uzoefu.

Ukitaka kilele kikubwa bila kukanyaga barafu, nenda Barrhorn, kusini katika kantoni ya Valais. Kina mita 3,610, chini kidogo tu ya vibanda vyetu vya Horombo, Kilimanjaro. Hata hivyo, mahali ambapo Horombo kuna vichaka na maua, huku utakuta mawe matupu na theluji ya majira yaliyopita, kwa sababu ikweta iko mbali sana. Unatoka Turtmann bondeni kwa gari la kamba hadi Oberems, kisha basi dogo hadi Gruben, kijiji kinachokaliwa wakati wa kiangazi pekee. Kutoka hapo ni miguu. Utapita malishoni, na kila geti utakalolifungua utalifunga nyuma yako. Ng'ombe wana kengele kubwa shingoni na wanaonekana wapole, lakini mwenye ndama mzungukie kwa mbali. Watembeaji wamewahi kuuawa.

Na utasalimia. Mjini Zurich watu hupishana kimya kama popote penye haraka, ila huku juu ni salamu kwa kila uso: Grüezi kwa wa Kijerumani, Bonjour kwa wa Kifaransa, Buongiorno kwa wa Kiitaliano. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo.

Jioni unafika Turtmannhütte, mita 2,519, kimoja kati ya vibanda zaidi ya 150 vya Klabu ya Alpi ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1863. Buti zinabaki chumba cha mlangoni, unavaa ndara za nyumba. Chakula ni kimoja kwa wote na huliwa saa moja, meza ndefu, wageni bega kwa bega. Kulala ni juu ya magodoro yaliyopangwa safu, na kila mtu huja na mfuko wake mwembamba wa kulalia. Saa nne usiku taa zimezimwa. Kabla ya hapo mtunza kibanda atakuletea daftari uandike jina lako na unakokwenda kesho. Usilipuuze. Mtu akipotea, waokoaji huanza kwa kufungua ukurasa ule. Ukipata ajali hapa Valais, namba ni 144; kwingineko nchini ni 1414, ya Rega, shirika la uokoaji kwa ndege lililoundwa mwaka 1952, na helikopta huja.

Alfajiri unaanza na Gässi, ufa mwembamba wa mwamba wenye minyororo, sehemu pekee ya kushikilia kwa mikono. Ukishautoka, kuna mteremko mrefu wa changarawe na mawe yaliyovunjika, alama nyeupe na nyekundu zikikuvuta kutoka jiwe hadi jiwe. Hapa ndipo ushauri wa viongozi wetu wa Marangu unapofaa: pole pole. Kileleni, Weisshorn yenye mita 4,506 inasimama kusini, karibu mno, na ng'ambo ya bonde la Zermatt iko Dom, mita 4,545. Vilele vingi vya Alpi, hasa sehemu za Wakatoliki, vina msalaba na sanduku la chuma lenye daftari la wapandaji. Andika jina, kunywa maji, ushuke mapema. Wakati wa kiangazi mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri, na radi humtafuta aliyesimama juu kuliko vyote.

Milima hiyo inabadilika huku watu wakiitembea. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu ya Uswisi ilipungua kwa asilimia kumi. Ardhi ya juu iliyoganda kwa karne nyingi ndiyo inayoshikilia miamba, na inapoyeyuka miamba huachia. Agosti 2017 jabali la Piz Cengalo liliporomoka na watembeaji wanane wakafa. Tarehe 28 Mei 2025, ng'ambo ya bonde la Rhône ukitoka Turtmann, barafu ya Birch iliyolemewa na mawe ilianguka na kukifunika kijiji cha Blatten. Wakazi wake mia tatu hivi walikuwa wamehamishwa siku kadhaa kabla, kwa sababu wataalamu waliona mlima ukisogea na wenyeji wakawasikiliza.

Kwa hiyo, kila msimu kuna njia zinazofungwa na nyingine zinazohamishwa, na watu hupanda na makopo ya rangi kupaka alama kwenye mawe mengine. Kazi hii inaonekana vizuri kabisa kwenye kibanda cha Konkordia, juu ya Aletsch, barafu kubwa kuliko zote za Alpi. Kilipojengwa mwaka 1877, barafu ilikuwa mita hamsini hivi chini ya mlango. Leo iko chini mno, na anayetoka barafuni hupanda ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani mwa mwamba, vipandio zaidi ya 400. Barafu ikishuka tena, mafundi huenda kuongeza vingine chini.