Udongo wa Kusafishia Rangi ya Gari: Anza na Ulio Laini

Gari linaweza kuoshwa likang'aa na bado likawa chafu. Kulipima ni rahisi. Likishakauka, funga vidole kwa karatasi nyembamba ya nailoni, ile inayofunikia pakiti, kisha vipitishe taratibu juu ya boneti. Rangi iliyo safi inateleza. Ukihisi chengachenga, ujue kuna uchafu ulioganda ambao sabuni haiuwezi. Huo ndio unaong'olewa na udongo wa kusafishia rangi.

Udongo huu hauchimbwi ardhini. Ni plastiki laini inayonyambulika, iliyochanganywa na chembe ndogo mno za kusugulia. Mjapani mmoja alipewa hataza ya udongo huu nchini Marekani mwaka 1995. Ukitelezeshwa juu ya rangi iliyolowa, hunasa kilichochomoza na kuking'oa. Mikwaruzo hauiondoi, kwa kuwa mkwaruzo ni shimo na udongo hufanya kazi juu ya uso tu. Anayekuuzia udongo kwa ahadi ya kufuta mikwaruzo anakudanganya.

Kabla ya kuchagua, jua gari lako limebeba nini. Hapa Bujumbura mkosaji mkubwa ni breki. Barabara ya RN1 inashuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi mjini kando ya Ziwa Tanganyika, penye mita 775 hivi. Katika mteremko huo breki zinasagika, na chembe za chuma zenye moto zinarukia rangi, zinajikita humo na kuota kutu. Kwenye gari jeupe utaziona kama vidoti vya kahawia, hasa milangoni chini na nyuma ya magurudumu. Ongeza moshi wa dizeli ulioshikana na vumbi la kiangazi, matone ya lami, na utomvu wa miti tunayoegesha chini yake kukimbia jua.

Udongo huuzwa kwa viwango vitatu: laini, wa wastani na mkali. Usichague kwa rangi ya kipande, maana kila kiwanda kina rangi zake. Wa buluu wa huyu ni laini, wa buluu wa yule ni mkali. Soma maandishi ya pakiti. Yasipotaja kiwango, usinunue.

Kwa gari la matumizi ya kila siku, nunua laini. Vanishi inayofunika rangi tangu kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja. Magari yetu mengi yalishatumika Japani kabla ya kufika huku, na huenda yalishapigwa polishi mara kadhaa kabla ya kuuzwa. Udongo mkali unamaliza kazi haraka, lakini unaacha ukungu na michirizi ambayo lazima ifutwe kwa polishi, na kila polishi inakula vanishi. Vanishi iliyoliwa hairudi. Wa wastani uwe wa sehemu sugu tu, pale ulio laini uliposhindwa. Mkali waachie mafundi ambao wamekwisha kupanga kupiga polishi gari zima.

Ipo pia glovu yenye uso wa mpira unaofanya kazi ileile. Ni ya haraka, na ikianguka inasuuzwa ikaendelea kutumika. Lakini kwenye gari jeusi au la rangi nzito huacha michirizi kwa urahisi zaidi. Hapo kipande cha udongo laini ni salama zaidi.

Udongo mzuri ukitumiwa vibaya huharibu. Osha gari kwanza. Lami iondoe kwa dawa yake, na chembe za chuma uzinyunyizie dawa ya kuyeyusha chuma, inayogeuka zambarau inapozigusa. Udongo utabaki na kazi ndogo. Fanya kazi asubuhi, kivulini, bati likiwa baridi, kwa sababu joto la mji wetu hulainisha udongo ukagandia rangi. Kata kipande, ukibonyeze kiwe bapa, lowesha eneo dogo kwa maji yenye shampuu ya gari, kisha kipitishe kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza. Mwanzoni kitagomagoma, kikianza kuteleza, eneo hilo limetakata. Kikunje kila mara upate uso safi. Kikianguka chini, kitupe: kimeokota mchanga, na mchanga huo utachora gari lako.

Gari lililopakwa rangi upya gereji, kama zile za mtaa wa Buyenzi, lisubiri wiki kadhaa rangi ikauke hadi ndani. Kama lilipakwa rangi isiyo na vanishi juu, udongo utashika rangi kidogo, usishtuke. Rangi isiyong'aa kwa makusudi usiiguse kabisa.

Ukimaliza, paka waksi siku hiyohiyo, kwani udongo umeondoa na ile ya zamani. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, huwatosha wengi, lakini mwamuzi ni vidole vyako: rangi inayoteleza iache ilivyo, hata kama kipande bado kimejaa kwenye kopo. Fundi akikusihi uchukue udongo mkali ili amalize mapema, mwambie una muda wa kusubiri.