Gaudí na kiti kilichojifunza kwa mfupa

HEBU kitazame kiti ulichokalia sasa hivi. Miguu minne iliyonyooka kama rula, ubao wa kukalia, ubao wa mgongo. Sasa jitazame mwenyewe. Mwili wako una mstari ulionyooka popote? Basi ni nani aliamua kiti kiwe hivyo?

Antoni Gaudí, msanifu majengo wa Barcelona, Uhispania, alikuwa na jibu lake zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tajiri wa viwanda vya nguo, Josep Batlló, alikuwa na nyumba ya mwaka wa 1877 aliyotaka kuibomoa. Gaudí akamshawishi aiache, aigeuze tu. Kazi ilianza 1904 na kufikia 1906 mjengo ulikuwa mwingine kabisa. Nguzo za mbele zilifanana na mifupa, wenyeji wakaubandika jina: nyumba ya mifupa. Ndani, ngazi ya mbao hupanda kama uti wa mgongo wa mnyama mkubwa, na meko imejificha kwenye tundu lenye umbo la uyoga.

Lakini Gaudí hakuishia ukutani. Aliichorea familia hiyo hata viti na mabenchi ya chumba cha kulia.

Ukitarajia maua na majani yaliyochongwa, utashangaa. Hakuna nakshi, hakuna sponji, hakuna kitambaa. Ni mbao tupu! Kumbe ufundi uko kwenye umbo: pa kukalia pamebonyea kidogo, mgongo wa kiti umepinda kuufuata wa mtu, na miguu hunenepa kwenye maungio kama mfupa unavyonenepa kwenye goti.

Wabunifu wengi wa enzi hiyo walipamba fanicha kwa picha za mimea. Gaudí alitazama jinsi mfupa unavyobeba uzito.

Alipata wapi jicho hilo? Alizaliwa 1852 katika ukoo wa wafua shaba. Utotoni alisumbuliwa na baridi yabisi. Maumivu yalimzuia kucheza kama wenzake, akawa na muda mwingi wa kutazama mimea na wanyama.

Wala hakuwa peke yake. Mchoro bila fundi ni karatasi tu. Viti hivyo vilitengenezwa na maseremala wa karakana ya Casas i Bardés, na baadhi vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Gaudí, bustani ya Park Güell.

Kwa kijana anayejifunza useremala, hili si hadithi ya matajiri wa kale. Wateja huja na picha kwenye simu: "Fundi, nitengenezee kama hii." Mtengenezee, riziki ni riziki. Ila karakana tatu jirani zikinakili sofa moja, kinachobaki kushindania ni bei, na bei ikishuka anayeumia ni wewe.

Siku ukianza kiti chako mwenyewe, weka simu kando kwanza. Tazama goti lako. Tazama tawi linavyoshikana na shina. Halafu ndipo ushike penseli.